Mwenzangu wa Bwawani

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Nimefika kambini. Si kwa hiari. Mama ndiye aliyeniandikisha, eti kijana wa umri wangu hawezi kumaliza likizo nzima amejifungia chumbani na riwaya za upelelezi. Nilimwambia marafiki ninao. Akaniomba nimtajie mmoja ambaye hayumo kitabuni. Nikaanza kufunga begi.

Kabla hajaondoka, alimvuta Kiongozi wa kambi kando, karibu na matangi ya maji. Mimi nilikuwa nafunga kamba za kiatu, polepole, huku masikio yakifanya kazi. Nilimsikia akisema mwanawe ni mgumu kuzoea watu, basi atafutiwe mwenzake. Kiongozi akatikisa kichwa kukubali. Akatikisa tena.

Niandike hapa ambapo hakuna anayesoma: rafiki namtaka. Sana. Lakini namtaka wa kweli. Rafiki aliyeombewa na mama ni sawa na kujipigia makofi mwenyewe.

Jioni tukakusanywa ukumbini. Kambi hii ina utaratibu wake. Haruhusiwi mtu kuingia bwawani peke yake. Kila mvulana ana mwenzake, na filimbi ikilia, wawili hao hushikana mikono na kuinyanyua juu, ili mwalimu wa kuogelea aone kwamba hakuna aliyezama. Wenza hupatikana kwa viatu. Kila mmoja hutupa kiatu chake cha kushoto kwenye rundo, Kiongozi hufumba macho na kuvuta viwili viwili. Viatu vilivyotoka pamoja, wenyewe ni wenza hadi kambi ivunjwe.

Changu kilitoka na kiatu kikubwa kama karai. Mwenyewe ni mvulana mrefu kupindukia, wanamwita Twiga. Alinijia akichechemea na kiatu kimoja, akasema afadhali amepata mtu mwenye sura ya kufikiri, maana yeye hufikiri kwa shida. Wenzetu wakacheka. Mimi sikucheka. Kiongozi alikuwa amelipapasa lile rundo muda mrefu mno. Na jicho lake moja halikufumbwa sawasawa.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Ushahidi unajikusanya wenyewe.

Asubuhi: Twiga ameniwekea nafasi mezani. Sikumwomba. Mchana: sabuni yangu imepotea, Twiga amekata yake kwa uzi na kunipa kipande. Kile kikubwa. Jioni: ameniuliza ninasoma nini, na nilipomjibu, akauliza tena. Hakuna mtu anayeuliza mara ya pili. Hata shangazi yangu, ambaye ni mkutubi, huuliza mara moja tu.

Bwawani tumewekwa upande wa maji mafupi, pamoja na watoto wa darasa la nne. Mimi sijui kuogelea, ingawa nimesoma kuhusu jambo hilo. Twiga naye hajui. Maji yanayonifika kifuani, yeye yanamfika kiunoni, na bado hushika ukingo kama mtu aliyeshika tawi. Wavulana wa upande wa kina wametupachika jina, Mlingoti na Bendera. Wakauliza kama leo bendera itapanda. Twiga akawajibu kwamba haina upepo. Wakacheka hadi wakanywa maji.

Anacheka na kila mtu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa rafiki wa yeyote. Kwa nini basi mimi?

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Nimetega mtego. Kama Twiga ametumwa, kila ninachomwambia kinapelekwa mbele. Nikatunga siri moja isiyojulikana na mtu mwingine yeyote, nikampa yeye peke yake tulipokuwa tukifagia bweni. Nilimwambia maharage huniumiza tumbo vibaya sana. Niliweka na uso wa maumivu.

Akaacha kufagia. Akasema pole sana, ndugu yangu, mbona umenyamaza siku zote hizi, na hapa maharage ni kila siku.

Ndugu yangu! Siku ya tatu tu.

Sasa nasubiri.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Mtego umenasa. Nilipofika dirishani na sahani yangu, mpishi aliufunika mchuzi wa maharage kwa mkono kana kwamba nitauiba. Akaniambia habari zangu anazo. Yule mrefu alikuja asubuhi, akarudi mchana, akasimama pale mlangoni kama nguzo mpaka akaahidiwa kwamba mwenzake hatapewa maharage. Nikapewa kabichi iliyochemshwa. Kabichi tupu.

Nayapenda sana maharage. Ni chakula pekee kambini kinacholika. Nilikula kabichi yangu huku Twiga, mbele yangu, akiomba aongezewe.

Kwa hiyo mtandao umefika hadi jikoni.

Baada ya chakula nilijikaza nikaenda ofisini kwa Kiongozi. Kwa kawaida siwezi kuongea na mtu mzima bila kuangalia sakafu. Niliangalia sakafu, lakini nikauliza: je, mama yangu alimwomba anitafutie rafiki?

Akasema ndiyo. Bila hata kukohoa. Akasema kila mama anayekuja hapa huomba jambo hilo hilo, naye huwajibu wote kwamba hapa viatu ndivyo vinavyochagua, na kwamba yeye kiatu kimoja na kingine havitofautishi hata akiwa amefumbua macho. Akainyoosha miguu yake nione. Kweli, soksi zilikuwa za rangi mbili.

Jibu zuri. Zuri mno. Mtu asiye na hatia angebabaika kidogo.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Mpango ulikuwa huu. Nimwambie Twiga kwamba leo nitajaribu upande wa kina. Kisha niondoke kimyakimya, nijifiche nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, ambako ukuta una matofali yenye matundu, nimtazame atafanya nini asiponiona. Kama ametumwa, atamkimbilia Kiongozi kutoa taarifa. Kama ni rafiki wa kweli, atafanya jambo jingine. Jambo gani, sikulifikiria. Vitabu vyangu vinaeleza zaidi habari za maadui.

Nikamwambia. Akanisihi nisiende, akasema sisi ni watu wa maji mafupi na hakuna aibu. Mwalimu akamwita asogee na watoto wadogo. Alipogeuka tu, nikatoka.

Filimbi ikalia. Bwawa zima likanyamaza, mikono ikapanda juu, miwili miwili. Twiga akanyanyua wake. Mmoja. Mkono ule mrefu ukabaki hewani peke yake, naye akiangalia kulia, kushoto, kisha chini ya maji, palepale alipokuwa amesimama, kana kwamba nimedondoka kama kitufe. Akaniita. Akaniita tena kwa sauti ambayo sijawahi kuitwa nayo na mtu yeyote.

Hakumkimbilia Kiongozi. Alipanda ukingoni, akakimbia hadi upande wa kina, akateleza, akainuka, akajitosa. Yeye, ambaye hushika ukingo kwenye maji ya kiunoni. Alizama wima, kama ngazi.

Mwalimu wa kuogelea alimtoa kwa mti mrefu wenye kitanzi. Waliojua kuogelea walikuwa wanapiga mbizi kunitafuta mimi. Mpishi alikuja mbio na mwiko mkononi. Na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, mkavu kabisa.

Hatimaye nikatoka. Taulo begani.

Twiga alikuwa amelala kifudifudi akitapika maji. Akainua kichwa, akaniona, akauliza, "Uko hai?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Akalaza kichwa tena, na tangu hapo hajanisemesha.

Aliyonisemesha mwalimu siyaandiki, maana mama anaweza kulifungua daftari hili.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Mezani hapakuwa na nafasi yangu. Nilikula nimesimama kando ya mapipa.

Nimegundua kwamba jambo la kuogopwa si kuwa na rafiki wa kupangiwa. Ni kuiona nafasi aliyokuwa akikuwekea imekaliwa na mtu anayetafuna mdomo wazi.

Mwalimu akatangaza kwamba Twiga ana ruhusa ya kubadilisha mwenza. Wavulana wa upande wa kina, wale wa Mlingoti na Bendera, wakajitolea wote kwa pamoja. Nikamfuata Twiga kwenye kamba za kuanikia nguo kabla hajajibu. Nikamwambia yote. Mama, matangi ya maji, kiatu, matofali yenye matundu. Nikaomba msamaha nikiitazama suruali yake iliyokuwa ikichuruzika, kwa sababu uso wake sikuuweza.

Akaikamua tena suruali ile. Kisha akaniuliza kama kweli maharage huniumiza tumbo. Nikakiri kwamba ulikuwa mtego. Akasema basi hilo ndilo lililomuudhi kuliko kuzama, maana alimbembeleza yule mpishi hadi akaosheshwa vyombo vya watu wote. Akaniita mjinga. Akarudia, taratibu, ili nimwelewe. Kisha akaenda akamwambia mwalimu kwamba habadilishi mtu, kwa kuwa akiniacha kwa mwingine, mwingine huyo atapata wazimu.

Mchana filimbi ilipolia, tulinyanyua mikono. Aliukamata mkono wangu kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Kambi imevunjwa. Mama amekuja kunichukua. Nikamtambulisha Twiga, kwa sauti iliyosikika, jambo ambalo mama alilitaja mara kadhaa njiani.

Lakini nilikuwa macho. Twiga alisema shikamoo. Mama akaitikia marahaba, mwanangu, akamuuliza anaitwa nani na anaishi wapi, kama mtu asiyejua lolote. Twiga naye akajibu kila kitu kuanzia mwanzo, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Hakuna aliyekosea hata neno moja. Watu wasiojuana kweli huwa hawaelewani haraka hivyo. Walipofika kwenye habari za maharage, walicheka kwa wakati mmoja.

Na kuna swali ambalo hakuna anayelijibu: mtu asiyejua kuogelea anaruka kwenye maji ya kina kwa ajili ya mvulana aliyemjua tangu Jumatatu. Anatafuta nini?

Nimelazimika kuchukua hatua. Nimemwalika nyumbani. Amekubali bila kusita, jambo ambalo nimeliweka akilini. Mama ameshaanza kutafuta godoro la pili, huku akiimba, nalo nimeliweka akilini. Atalala chumbani kwangu, godoro kando ya kitanda, nimchunguze kwa karibu hadi likizo iishe.

Nisipopata jibu, itabidi aje na likizo ijayo.