Uthibitisho wa Pili Kuhusu Danielle

Jumatatu, 2 Septemba

Habari mbaya, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mama Adélaïde, kiongozi wa waombezi kanisani kwetu, kanidokeza kwamba Népomuscène anajiandaa kutoa jina. Jumapili hii hii. Jina lenyewe hakulitaja, lakini nani asiyejua? Ni Danielle.

Nieleze vizuri, maana daftari hili ni jipya. Kwetu ndugu hamwendei dada kumwambia anampenda. Anaandika jina lake kwenye karatasi, anatia ndani ya bahasha, anampa Mama Adélaïde baada ya ibada. Waombezi wanafunga siku tatu. Kisha dada anaitwa, anaambiwa, naye anapewa hadi wiki mbili za kuomba kabla ya kujibu. Bahasha ikishapokelewa, nyingine yenye jina lile lile haipokelewi. Aliyechelewa akaimbe.

Mimi nampenda Danielle miaka miwili sasa na miezi minne. Bahasha sijatoa. Si woga. Nangoja Mungu aseme waziwazi, maana mke si kitu cha kukurupukia. Népomuscène anapiga kinanda na ana mabega. Mimi naimba sauti ya tatu na ni katibu wa kwaya.

Basi nina siku sita. Nimeamua kufunga siku tatu na kuomba ishara. Gideoni aliweka ngozi ya kondoo. Mimi kondoo sina, mtaa wetu wote wa Ngagara sijui nimpate wapi, kwa hiyo nimeweka hii: kesho kwenye mazoezi, dada wa kwanza kunisalimu akiwa amejifunga imvutano, lile vazi la kitambaa cha begani, ya njano, huyo ndiye. Danielle hujifunga njano kila Jumanne, na mimi nitasimama kwenye mlango anaopitia. Simsaidii Mungu. Nampunguzia kazi tu.

Jumanne, 3 Septemba

Maafa. Sare mpya za kwaya zimetoka kwa fundi leo. Imvutano kumi na tisa, zote za njano! Akina dada wakaamua kuzijaribu palepale. Nimeingia uani, njano kulia, njano kushoto. Na barua ya kuagiza vile vitambaa niliiandika mimi mwenyewe, katibu. Rangi ilinitoka kichwani.

Wa kwanza kunisalimu, naye kajifunga njano, alikuwa Mama Adélaïde. Umri miaka sitini na miwili, mjane, wajukuu saba. Alinishika mikono yote miwili akaniuliza mbona nimekodoa macho.

Nilikaa nyuma ya ngoma nikatafakari. Ishara ni batili. Saa nne asubuhi nilikula sambusa mbili za Kaltum, yule anayeuza karibu na duka ninakofanya kazi, kwa hiyo sikuwa nimefunga kihalali. Mfungo wenye sambusa haujibiwi. Namshukuru sana Kaltum.

Danielle alinisalimu wa sita. Alitabasamu. Hilo halihesabiki, lakini naliandika.

Jumatano, 4 Septemba

Mfungo umeanza upya. Chai haihesabiki.

Ishara ya leo niliipanga kazini. Nauza vipuri vya magari mtaa wa Buyenzi, kwa Mzee Muhanna, ambaye babu yake alitoka Omani na akafungua duka hilo hilo. Nilimwambia Mungu: mteja wa kwanza akiulizia kipuri cha Toyota, ni Danielle. Mji huu gari ni Toyota tu. Na ili mambo yasiende ovyo, nilimwomba Tajudini, fundi wa gereji ya jirani, aje mapema aulizie chujio la mafuta la Toyota Probox. Alikubali. Hakuuliza kwa nini, kwa sababu ananijua.

Sikuhesabu uhaba wa petroli. Hakuna gari linalotembea, watu wote wanakwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Saa moja na nusu akaingia mzee mmoja anataka mnyororo wa baiskeli. Nilimsihi atoke kidogo asubiri nje. Akakataa, akasema jua kali. Tajudini alifika akiwa wa pili, akaliulizia chujio lake kwa sauti kubwa mno, kisha akanikonyeza mbele ya bosi.

Ikabidi nimweleze Mzee Muhanna. Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema kwao pia wanayo sala ya kumwomba Mungu shauri, wanaiita istikhara. Mtu anasali rakaa mbili, anaomba, kisha anainuka na kulifuata lile jambo lake. Likiwa na heri, linakuwa jepesi. Likiwa na shari, Mungu analigeuza. Akaniuliza mimi nimelifuata hadi wapi. Nikasema bado sijaondoka. Akasema basi Mungu ageuze nini, na mimi nimekaa?

Mzee ni mtu mwema, lakini mambo ya kiroho ya kwetu ni mazito kidogo kwake.

Alhamisi, 5 Septemba

Danielle alikuja dukani.

Alitembea kwa miguu kutoka shuleni anakofundisha, Ngagara, mpaka Buyenzi, juani. Mzee Muhanna alimpa kiti na Fanta ya baridi, kisha akaenda upande wa pili wa kaunta kuhesabu plagi ambazo alikuwa amezihesabu asubuhi.

Danielle akasema anajua kuwa anavunja utaratibu. Akasema Népomuscène atatoa jina lake Jumapili, kwaya nzima inajua. Akasema yeye ameomba mwezi mzima, hajasikia sauti, hajaota ndoto, na wala hakuomba hivyo. Alichomwomba Mungu ni ujasiri wa kuuliza na utulivu wa kupokea jibu. Na sasa amekuja kuuliza. Mimi mwenyewe, Fortunat, nataka nini?

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikamwambia ninachotaka mimi si hoja, hoja ni anachotaka Mungu. Akauliza je, haiwezekani vikawa kitu kimoja? Nikamwambia swali zuri sana, nitamuuliza Mama Adélaïde.

Alikunywa Fanta yake ikaisha, akamrudishia mzee chupa, akashukuru. Mlangoni akageuka akasema haya, ndugu Fortunat, endelea kuomba. Bila shaka nimemgusa. Dada hawezi kukutana na msimamo kama huo kila siku.

Mzee Muhanna aliziacha plagi zake. Kisha akasema: "We Fortunat, mulango umefunguka, na we bado unapiga hodi."

Leo tena hakucheka.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepiga kura, kama mitume. Karatasi mbili ndani ya kofia. Nilitaka kuandika "Ndiyo" kwenye moja na "Apana" kwenye nyingine, lakini nikawaza, ikitoka "Apana" itakuwaje? Nikaandika "Ndiyo" zote mbili. Nikaomba, nikafumba macho, nikachomoa. Ndiyo! Machozi yalinitoka.

Nikaandika jina la Danielle kwa kalamu ya wino, nikatia kwenye bahasha, nikafunga. Nikampelekea Mama Adélaïde habari njema. Akasema vizuri, mwanangu, nipe basi hiyo bahasha, nitakuwekea mpaka Jumapili. Nikamwambia kwanza napenda nipate uthibitisho wa pili, maana neno huthibitishwa kwa mashahidi wawili. Akasema alipoolewa na marehemu mumewe uthibitisho wote ulikuwa kwamba alimpenda, na kwamba hawakuona dhambi katika jambo hilo. Akaongeza kuwa mashahidi wawili wanatakiwa kwenye kesi.

Nimeondoka na bahasha yangu. Mfungo nimeumaliza kwa samaki, mukeke wa kuchoma, na ndizi. Nilistahili.

Jumamosi, 7 Septemba

Asubuhi kazi za jumuiya, kama kila Jumamosi. Mtaa wetu ulipewa mtaro. Nani kapangwa nami sehemu moja, jembe kwa jembe? Népomuscène. Anaondoa matope kwa mkono mmoja, kwa makusudi nadhani.

Tulipopumzika akanisogelea akaniambia ana hofu. Akasema hana ishara yoyote, hajaona kitu, ila anampenda dada fulani, ameomba, na kesho atatoa jina hivyo hivyo. Akikataliwa, basi, atajua amekataliwa. Kisha akaniomba nimwombee. Mimi! Kwa sababu, alisema, mimi ni mtu wa maombi.

Ningefanya nini? Nikamwekea mkono wenye matope begani. Niliomba kwa uangalifu. Nilisema Bwana, mfungie ndugu yetu kila mlango usio wake, mpunguzie haraka, mpe hata safari ya ghafla ya kwenda Gitega. Akaitikia amina kwa nguvu kuliko mtaa mzima. Akanishukuru hadi nikaona haya.

Jumapili, 8 Septemba

Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ibada ilichukua saa tatu, na katika saa hizo niliigusa mara nyingi.

Baada ya ibada tukapanga foleni mbele ya chumba cha maombi. Nilikuwa wa pili, na Népomuscène alikuwa hajatoka kwenye kinanda chake, anakunja nyaya. Aliyekuwa mbele yangu akaingia, akatoka. Nafasi wazi kabisa. Hapo nikawaza: uthibitisho wa pili bado. Nikamwambia Mungu, Mama Adélaïde akiniita kwa jina langu, natoa.

Wakati nikingoja, nilimpisha mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa. Kisha mzee mwenye mguu mbovu. Kisha wanafunzi watatu wenye mtihani. Kisha Népomuscène alifika anahema, akauliza kama napanga foleni. Nikasema hapana, nimesimama tu. Akapita.

Aliingia na bahasha, akatoka mikono mitupu. Mama Adélaïde akachungulia nje akaniona. Akaniuliza: wewe, mwanangu, una kitu? Mwanangu si jina. Nikasema sina.

Nilipogeuka, Danielle alikuwa amesimama getini. Aliona bahasha mkononi mwangu, maana nilikuwa nimeshaitoa mfukoni. Aliitazama, akanitazama mimi, akasubiri kidogo. Kisha akaenda zake.

Jumapili, 22 Septemba

Limetangazwa. Danielle amekubali. Ndugu wa Népomuscène watakwenda kwao kushika mlango, yaani kumposa rasmi, mwezi ujao, na mimi, kama katibu, nimepewa kazi ya kusimamia kreti za Fanta.

Niliumia. Naandika hivi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nilipiga makofi na wenzangu, nikaenda nyuma ya kanisa, nikakaa kwenye tofali, nikalia mpaka leso ikalowa. Danielle hakuniangalia hata mara moja leo. Alikuwa na furaha. Furaha ya kweli, si ya kuonyesha.

Baadaye nikanawa uso bombani nikafikiri kwa utulivu. Kumbe nimejibiwa! Mungu alisema apana tangu mwanzo, na moyo wangu ulisikia, ndiyo maana sikutoa bahasha. Nilisikia bila kujua kwamba nasikia. Ni wangapi kanisani wenye sikio kama hilo? Nikarudi ndani nimeinua kichwa.

Jumatano, 25 Septemba

Mchungaji ameniita ofisini. Alisema Danielle na Népomuscène wameanza masomo ya ndoa kwake, na katika mazungumzo Danielle alimwambia hajapata kuona mwanaume anayemsubiri Mungu kama ndugu Fortunat. Nilimuuliza alisemaje hasa, kwa sauti gani. Mchungaji akasema kwa upole, na kwamba baada ya kusema alitazama chini.

Kwa hiyo anataka niwafundishe vijana kila Jumamosi. Masomo kumi na mawili, kichwa chake: "Kutambua Mapenzi ya Mungu katika Ndoa." Ameniambia nisijibu haraka. Jambo kubwa, niende nikaombe kwanza, hata wiki moja.

Nikamwambia hakuna haja. Nimekubali palepale, naanza Jumamosi.