Trai Moja Kabla ya Mimbari

Jumatatu, 2 Septemba
Gorringe amefunga. Gorringe! Mpira ulidunda kwenye mlingoti, ukamgonga kifuani, akauangukia ng'ambo ya mstari wao kama gunia la viazi. Refa kapuliza: mpira umegusa chini, trai halali. Kwa hiyo klabu nzima ya raga ya Pelikani tumebaki na mtu mmoja tu asiye na trai msimu huu. Mimi, Salesi Mahoni, safu ya mbele, miaka thelathini na minane, misimu kumi na sita ya kulipwa kwa kazi hii.

Sioni haya. Kazi yangu ni kubeba mpira, kugonga ukuta wa watu wenye kilo mia na kumi kila mmoja, kuanguka, kuamka, kurudia. Juzi nilibeba mara kumi na tisa. Niliangusha watu arobaini na mmoja. Hao wenye trai hupita kwenye mlango niliouvunja mimi.

Lakini desturi ya klabu haina huruma. Siku ya kufunga msimu, asiye na trai huzunguka uwanja mbio, mzunguko mmoja, uchi wa mnyama, wenzake wakipiga makofi. Siku hiyo ni Jumamosi tarehe 21. Na Jumapili tarehe 22 nimepangiwa kuhubiri kanisani kwa mara ya kwanza. Nimesubiri miaka kumi na mmoja! Baba mkwe, Mchungaji Kelepi, amepata habari. Akanena kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi: aliyekimbia uchi Jumamosi hapandi mimbari yangu Jumapili.

Mechi mbili zimebaki. Bwana, trai moja tu.

Alhamisi, 5 Septemba
Nina mpango. Corey Bellings, namba saba wetu, ndiye anayegawa mpira tukikaribia mstari. Na Corey ni mtu wa tumbo. Nimemwomba mke wangu Lavinia apike lu, chakula cha kwetu: majani ya magimbi, nyama ya kopo, tui la nazi. Kauliza ni sikukuu gani. Nikamwambia ni kumpenda jirani.

Nimepeleka vifurushi kumi mazoezini. Nilidhani atakula viwili, vingine aende navyo kwake. Kala saba. Palepale, amevaa viatu vya mazoezi! Mbio zilipoanza akaenda kuinamia uzio. Kocha Lusk kauliza nani kamshindilia huyu mawe tumboni. Wote wakanigeukia. Nimepewa mizunguko ishirini. Nimeikimbia nikiwa nimevaa nguo zote, nashukuru.

Faida ipo, hata hivyo. Corey, akifuta mdomo, ameahidi: nikiinua mkono wa kushoto karibu na mstari, mpira ni wangu.

Jumapili, 8 Septemba
Siku ya Bwana. Si vizuri kuandika kwa hasira. Nitaandika machache.

Jana dakika ya thelathini niliinua mkono wa kushoto. Upande wa pili Gorringe naye kainua wa kwake. Kumbe alitusikia! Corey kaona mikono miwili, kachagua ulio karibu. Gorringe kafunga. Akapita mbele yangu akicheka: pole mzee, nilikuwa najikuna kwapa.

Gazeti la leo limeweka picha yake. Ukiangalia vizuri, aliyelala chini ya watu watatu ili njia ifunguke ni mimi. Soli ya kiatu changu inaonekana safi kabisa. Nimeikata picha, nimeibandika kwenye jokofu.

Lavinia hana wasiwasi wowote. Anasema amenitazama miaka kumi na saba na hajaona cha kuwatoa watu mbio.

Ijumaa, 13 Septemba
Sijala tangu juzi, ili niwe mwepesi. Nimepungua robo kilo. Kwenye skramu, tunaposukumana mabega kwa mabega, nimeona nyota. Lavinia kaniletea sahani ya viazi vikuu na kusimama pembeni mpaka nikaimaliza.

Jumapili, 15 Septemba
Nitaandika yote.

Jana, dakika ya sabini na moja. Sisi 18, wao 16. Hatua kumi kutoka mstari wao. Corey hakungoja mkono. Alinitazama tu, akanipa. Wa kwanza nilimpitia juu. Wa pili alining'ang'ania kiuno, nikaenda naye. Wa tatu alijiondoa mwenyewe, Mungu ambariki. Nikavuka mstari. Mimi! Mbele yangu majani matupu.

Moyo ukajaa. Nikapiga magoti, nikainua mikono yote miwili juu, mpira ukiwemo, nikasema kwa sauti: Bwana, asante kwa yote uliyonitendea.

Mpira ulikuwa haujagusa chini.

Namba moja wao, beki wa mwisho, kijana mwembamba kama fimbo ya kuvulia, kaja mbio nyuma yangu, kaupiga kofi. Ukaruka hadi kwa wapiga picha. Refa kakataa. Gorringe kaniinua huku machozi yakimtoka kwa kicheko: mzee wangu, amina si huja mwisho?

Tumeshinda, angalau. Nilibeba mara ishirini na mbili.

Baba mkwe alikuwa jukwaani. Nilimwendea nikiwa na tumaini. Nilimweleza kwamba nimepoteza trai kwa ajili ya utukufu wa Mungu. Aliwaza sana. Akasema: mwanangu, Mungu hana haraka. Ungegusisha kwanza.

Mahubiri amepewa mzee Tomasi.

Jumamosi, 21 Septemba
Nimekimbia.

Nahodha aliniambia kando kwamba kwa umri wangu wangeweza kunisamehe. Nikakataa. Misimu kumi na sita sijakwepa mtu, nitakwepa uwanja? Nikavua. Upepo wa mto ulikuwa mkali. Nilikimbia nimeinua kichwa, bila kujiziba kwa mikono, magoti juu, kama nilivyofundishwa utotoni. Mwanzoni walipiga kelele za kuniudhi. Kufika kona ya tatu wote walikuwa wamesimama, wakihesabu misimu yangu kwa sauti moja. Hata Gorringe. Hasa Gorringe.

Mwisho wa mzunguko alinisubiri Baba mkwe. Sikujua kama yupo. Alifungua mkeka wake wa kiunoni, ule wa heshima anaouvaa kanisani, akanifunga nao mwenyewe. Akasema mimbari bado hanipi. Ila mbio, alisema, zilikuwa nzuri.

Jumatatu, 23 Septemba
Kocha Lusk kaniita ofisini, kanidokeza mambo ya kustaafu. Nikamwambia anipe kalamu. Nimesaini mwaka mmoja zaidi!

Nimewaza sana kuhusu ile trai. Sasa nimegundua kosa lilipokuwa. Halikuwa sala. Lilikuwa kasi ya magoti. Tangu asubuhi nafanya mazoezi sebuleni na mto wa kochi: kupiga magoti, mikono juu, asante, ndipo mpira chini. Lavinia anasoma saa ya jikoni huku akitikisa kichwa. Tulianza na sekunde sita.

Sasa tuko nne na nusu.