Kompyuta Isiyoijua Hapana ya Kwetu

Duka la Ushonaji, nyuma ya soko,
Gisenyi,
Agosti 1999

Kwa Mheshimiwa Profesa Damascène,
Msimamizi wa utafiti wa wanafunzi wa kompyuta.

YAH: OMBI LA KUIZUIA KOMPYUTA YA MWANAFUNZI WAKO GISA ISIHUDHURIE SHEREHE ZETU

Mheshimiwa,

Kabla ya ugomvi, salamu. Sisi huku hatujambo, ziwa lipo mahali pake, na kiangazi kimetulia, ndiyo maana kila Jumamosi kuna turubai limesimikwa mahali. Nimeambiwa ulisomea Dar es Salaam, kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili nilichokulia Kigoma kabla hatujarudi nyumbani. Kifaransa changu kinatosha kuuza suruali, hakitoshi kugombana na profesa.

Jina langu ni Wellars Habiyaremye. Siku za kazi mimi ni fundi cherehani. Jumamosi mimi ni msemaji wa upande wa bibi harusi, na bila kujisifu, kutoka hapa hadi Busasamana hakuna nyumba yenye binti isiyonijua. Huhitaji kuelezwa gusaba ni nini, lakini nitakueleza, maana nimeanza kushuku kwamba huko chuoni mmesahau. Upande wa bwana harusi unakuja kumwomba binti. Mimi nawaambia hapana. Nawaambia hatuna binti, au tunaye ila ameingia utawa, au amekwisha poswa na waliotangulia. Msemaji wao anajibu. Namtolea hapana nyingine, naye anajibu tena. Watu wanacheka, pombe ya ndizi inazunguka, na jua likishaegemea upande wa Goma ndipo namtoa binti, ambaye muda wote huo yuko nyuma ya pazia, amevaa tayari, anasinzia. Hapana hizo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuziamini.

Basi mwaka jana ukatuletea Gisa. Kijana mpole, amekulia Uganda, ana heshima zake, na alikuwa amevaa suruali inayofagia barabara. Akanieleza kwamba anaifundisha kompyuta kutafuta. Unaipa maneno, nayo inapekua maneno yote ya zamani iliyolishwa, inakuletea yale yanayofanana na haja yako. Alitaka mazungumzo ya kweli ya watu wa kweli, na mengi. Nikamwambia umefika. Hapa kwetu kila gusaba hurekodiwa kwenye kaseti. Nilizunguka mwenyewe kwa jamaa na majirani nikamkusanyia kaseti mpaka mfuko ukachanika, nikamkatia na kona ya meza yangu ya kukatia vitambaa aweke kompyuta yake, kwa kuwa duka langu lina umeme. Mgeni njoo mwenyeji apone, nilisema. Mpaka leo sijapona, na malalamiko yangu ni haya.

1. Kompyuta imetunyang'anya mchana. Gisa alipomaliza kuchapa maneno ya kaseti, alimpa Egide karatasi za majibu ambayo mashine iliyapanga kwa kila aina ya hapana, azijaribu. Huyu Egide ni msemaji wa upande wa bwana harusi. Ni mtu mzuri, lakini kila nikisimama mbele yake alikuwa anasahau nusu ya majibu yake, na mimi nilikuwa nampenda hivyo hivyo. Siku hiyo nilisema kwamba binti amevuka kwenda Goma kununua kitenge, na aliporudi alikuta mpaka wa Grande Barrière umefungwa, kwa hiyo wageni warudi siku utakapofunguliwa. Hapana hiyo niliibuni njiani nikija, ilikuwa bado ya moto. Egide akalamba kidole, akafunua karatasi, akasoma: "Tulipita hapo mpakani tukamkuta amekaa. Askari wa zamu ni shemeji yetu, anawasalimu sana." Lilikuwa jibu la mzee mmoja aliyekwisha fariki, lililolala kwenye kaseti miaka na miaka. Mashine ilimfufua ili aje kunishinda. Gusaba ikaisha kabla pombe haijafika safu ya nyuma. Drocella, anayekodisha maturubai na viti, alinifuata akaniambia, "Mzee, viti vyangu havijapata hata joto."

2. Kompyuta haijui hapana ni nini. Hili ni kosa la kielimu, kwa hiyo naliweka mikononi mwako. Katika majaribio ya kwanza Gisa aliiuliza: ni familia gani za Gisenyi zilizokubali kutoa binti zao? Ikatafuta, ikaleta jibu kwamba hakuna. Wote walikataa. Imesikia hapana kwenye kila kaseti, ikaamini. Kwa utafiti wa chuo chako, mheshimiwa, kuanzia ziwani mpaka kwenye volkano hakuna mtu aliyewahi kuoa, na sisi sote tuliota kama uyoga.

Hata kaseti ya gusaba yangu mwenyewe ilikuwemo. Mke wangu Nyirasafari, ambaye kwao ni upande wa Goma, alilisikia jambo hilo Gisa akimsimulia mteja. Jioni nikauliza chakula kiko wapi. Akanijibu bila kugeuka, "Kompyuta inasema mi sikupewa kwako. Donc jipikie." Nilijipikia maharagwe kwa siku kadhaa. Sitayaeleza hayo maharagwe hapa, barua hii ni ya heshima.

3. Kompyuta inakula kila inachopewa. Muhamadi, anayetengeneza redio jirani yangu, alitoa kaseti ya gusaba ya dada yake. Lakini Muhamadi ni mtu wa mpira. Nusu ya kaseti ile alikuwa amekwisha rekodi juu yake mechi kutoka redioni. Gisa, kwa kuwa hakukulia hapa, alisikia maneno mazito, akadhani ni usemi wa wazee, akachapa yote. Jumamosi moja nikasimama nikasema, "Mmechelewa, wenzenu wamewatangulia." Egide akafunua, akasoma taratibu kama padri: "Ni kweli wametutangulia kwa moja. Lakini muda bado upo, na wageni wanazidi kulisogelea lango."

Mheshimiwa, watu waliacha kunywa. Wazee wakatikisa vichwa. Mama mmoja alifuta machozi. Nilitafuta jibu kichwani nikakosa, nikamtoa binti. Njiani tukirudi ndipo Muhamadi akanishika bega, akasema, "Mzee, ile ilikuwa mechi. Mi niko na kaseti yake." Nimetumikia desturi hii tangu ujana wangu, na nimemtoa binti wa watu kwa sababu ya mpira wa kona.

4. Suruali ya Gisa siku hizi inamkaa sawasawa. Nilijitolea kuipunguza, akasema imekwisha punguzwa. Nikauliza na nani. Akatazama dari.

5. Hapa sasa ndipo penyewe. Ili kuiponya kompyuta ule ugonjwa wa kuamini kila hapana, ilibidi mtu apitie maneno yote yaliyochapwa na kuweka alama: hapana hii ni ya kweli, hapana hii maana yake endelea kuomba. Gisa hawezi, amekulia mbali. Anayeweza ni Mukundwa. Huyu ni binti wa marehemu kaka yangu, na nimemlea tangu anabebwa mgongoni. Amekulia chini ya viti vya gusaba akinisikiliza, hapana zangu zote anazijua kwa sauti kabla sijafungua kinywa. Basi wakaketi pale kwenye kona ya meza, yeye na kalamu nyekundu, Gisa na kompyuta. Kila hapana isiyo ya kweli Mukundwa anaitia kidoti chekundu. Kutwa nzima nasikia, "Hii?" "Hii si ya kweli." "Na hii?" "Hii hata yeye mwenyewe anacheka, sikiliza." Mimi niko kwenye cherehani nashona sare za shule, nafurahi kwamba mtoto wetu anasaidia elimu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ni fundi nguo, ningepaswa kujua mapema kuliko watu wote.

Ulimtuma aje kuchukua maneno, mheshimiwa. Amechukua maneno, na sasa anataka na mtu. Jumamosi ijayo upande wa Gisa unakuja kumwomba Mukundwa, Egide ndiye msemaji wao, na wa kuwajibu ni mimi.

Nimekaa nikajipima. Hapana zote nilizowahi kuzitumia zimo ndani ya ile mashine, na nyingine nilizileta kwa mikono yangu mwenyewe. Imebaki moja ambayo haijawahi kusikika kwenye kaseti yoyote, kwa sababu sijawahi kuisema. Nitakuandikia wewe, kwa kuwa uko mbali. Macho yangu bado yanaona mitumbwi upande wa pili wa ziwa, lakini tundu la sindano siku hizi silioni kabisa. Nyirasafari naye ni rika langu. Kila asubuhi kabla sijafungua duka, Mukundwa ananitungia uzi kwenye sindano zote za siku hiyo, anazichomeka kwenye kitambaa kwa mpangilio wa rangi, halafu ananiachia bila kusema kitu, kana kwamba sindano huota zenyewe na uzi wake. Wateja hawajui. Akiondoka, duka litabaki na fundi anayepapasa. Na si uzi tu, mheshimiwa. Nyumba itakuwa kimya sana.

Nilitaka kujua kama mashine inalo jibu la hapana hiyo. Nikasubiri Gisa aende kunywa chai, nikamwambia Mukundwa: hebu iulize, kuna msemaji anakataa kutoa binti kwa sababu bila yeye haoni sindano. Mukundwa alinitazama, halafu akaandika. Mashine ikanguruma, ikatafuta, ikatoa karatasi nyeupe. Hakuna kitu. Nimeikunja karatasi hiyo, iko kwenye mfuko wa koti langu, na Jumamosi nitaivaa kama medali.

Lakini nakujua wewe ni msomi. Unaweza kuifundisha jibu kabla ya Jumamosi. Kwa hiyo naomba kwa heshima zote yafuatayo. Kwanza, usiifundishe. Pili, shahada ya Gisa isitolewe mapema, kwa sababu ukoo wetu hautoi binti kwa mtu ambaye hajamaliza masomo. Wala isitolewe baadaye, kwa sababu hautoi binti kwa mtu aliyemaliza masomo akapata kazi Kigali. Tatu, kama ni lazima kompyuta ije, basi ije kama mgeni. Iketi kwenye kiti cha Drocella, ipewe mrija, inywe pombe kwenye kibuyu kimoja na wazee. Ikikataa kunywa, sisi tutakuwa tumetukanwa, na gusaba itavunjika kwa haki. Na kama hayo yote ni magumu, tupe na sisi upande wa bibi harusi kompyuta yetu, kompyuta za pande mbili ziombane na kukataliana zenyewe kwa zenyewe, na sisi watu tunywe kwa amani mpaka jua lizame.

Ukiniuliza kama nitamtoa Mukundwa, jibu langu ni hapana. Nimeipima kwa futi, nimeikata kwa mkasi, ni hapana. Ile ya Goma na kitenge ilikuwa mchezo. Hii ni hapana ya kweli, na naomba huko chuoni isichanganywe na zile nyingine.

Nisalimie mke wako, wanafunzi wako, na yule anayewasha jenereta umeme ukikatika. Egide anakusalimu, anauliza kama karatasi nyingine zipo. Drocella anasema viti viko tayari. Nyirasafari anasalimu pia, na siku hizi anapika.

Niko hapa hapa, sisogei, na Jumamosi sisogei vilevile,

Wellars Habiyaremye,
fundi, msemaji, na baba mdogo wa binti.

N.B. Barua hii sikuituma jana kama nilivyokusudia. Nilimwachia Mukundwa aipitie, asije profesa akacheka mwandiko wangu. Leo asubuhi nilipofika dukani nilimkuta Gisa ameketi kizingitini, hana karatasi wala kompyuta, amepakata kitambaa changu cha sindano. Alikuwa anazitunga uzi, mweupe, mweusi, buluu ya sare za shule. Anazitunga vibaya, analamba ncha ya uzi mpaka inalowa yote, na rangi hajazipanga. Lakini zote zilikuwa zimetungwa. Nilimuuliza nani amemtuma. Akasema hakuna, na kwamba chumba walichokipanga yeye na Mukundwa kiko nyuma ya duka la Muhamadi, kwa hiyo kila asubuhi atakuwa anapita hapa. Nilifungua kinywa nimpe hapana ya kwanza itakayokuja, haikuja.

Kwa hiyo shahada mpe, na Jumamosi uje mwenyewe. Nimemwambia Egide asiache kuleta lile la wageni kulisogelea lango, nimelitafutia jibu zuri. Kuhusu hayo yote niliyoyalalamikia hapo juu, utaona mwenyewe kwamba Mukundwa aliisoma barua akiwa na ile kalamu yake, na kila penye hapana ametia kidoti chekundu, hata ile niliyosema ni ya kweli. Nimepitia ukurasa kwa ukurasa nikitafuta walau moja aliyoiruka. Sikuiona. Labda ni macho.