Soli Sabini na Sita Juu ya Paa

(Hotuba ya Bwana Mwangangi, Mratibu wa Mwonekano Bora wa Tarafa, kama ilivyotolewa mbele ya ofisi yake mjini Emali, Jumatano moja ya mwezi wa Julai, mwaka 1985. Mkutano uliitwa saa tatu asubuhi. Mgeni wa heshima alifika saa tano na nusu, na mgeni wa heshima alikuwa yeye mwenyewe.)

Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi. Bwana Makamu wa Mwenyekiti, ambaye ndiye anayenishikia mwavuli. Wazee wa vijiji na manaibu wao. Mchungaji uliyetufungulia kwa sala fupi, na sheikh utakayetufungia kwa dua ambayo naomba iwe fupi zaidi. Walimu, wenye maduka, wenye vibanda na wasio na vibanda. Kina mama wa mwethya, ambao kazi yenu ni kusaidiana kulima na kujenga bila hata kusubiri kamati. Mabibi na mabwana. Na ninyi nyote mliosimama kwa sababu viti vimehifadhiwa kwa waheshimiwa ambao hawakuweza kufika: hamjambo? (Hatujambo, kwa uchovu.) Hamjambo tena? (Mama Mbinya, mwenyekiti wa mwethya: "Hatujambo tangu saa tatu, Mheshimiwa!" Kicheko.)

Kabla ya jambo la kwanza, naomba radhi kwa ukimya wangu mrefu. Barua zenu kumi na saba, ya kwanza ikiwa imeandikwa Julai mwaka jana na Mwalimu Mutindi, anayefundisha kwaya ya Shule ya Msingi ya Kwa Ndila, zilinifikia zote, zikapigwa mhuri, zikafunguliwa faili, na faili lenyewe likawekwa ndani ya faili kubwa zaidi ili lisipotee. Na ikiwa hamkupata jibu kwa muda wa miezi kumi na miwili, msidhani kwamba ofisi yangu ilikuwa imelala, kwa maana ofisi ilikuwa ikitafakari, na kutafakari hakuna kelele. (Makofi kutoka kwa Bwana Makamu, ambaye mwavuli wake unayumba.)

Sasa nieleze usuli wa suala hili kwa faida ya wale waliochelewa. (Sauti: "Aliyechelewa ni nani?") Mtaona ng'ambo ya barabara kibanda cha fundi wa viatu aitwaye Kivuva, chenye paa la mabati linaloinamia upande wa ofisi hii. Fundi huyu, bila kuhudhuria semina hata moja, alikuwa na mazoea ya kuchukua raba kuukuu ambazo soli zake zimegeuka njano, kuzisugua kwa brashi na sabuni, kuzipaka uji wa magadi na paroksaidi, ile dawa ya maji wanayooshea vidonda, kisha kuzivika nailoni angavu na kuzipanga juu ya paa hilo, soli juu, ili jua lizirudishie weupe wake kwa muda wa saa nne. Nakiri kwamba zilikuwa zikirudi nyeupe. Lakini nauliza, kwa utaratibu upi?

Julai mwaka jana mgeni mkubwa kutoka makao makuu alisimama hapa hapa barazani ili kuyatazama maendeleo yetu, na alipoinua macho alionyeshwa soli sabini na sita. Sabini na sita, mabibi na mabwana! Jozi thelathini na nane za kwaya ya shule, zote zimemgeuzia mgeni nyayo kama watu waliomlalia kifudifudi wakakataa kuamka. (Kicheko kirefu. Bwana Mwangangi anasubiri, akidhani ni makofi.) Siku hiyo hiyo nilitoa amri mbili. Amri ya kwanza ilipiga marufuku kiatu chochote kupanda juu ya paa lolote. Amri ya pili iliziweka raba zile chini ya ulinzi katika stoo ya ofisi yangu, kama sampuli za Mradi Maalumu wa Kung'arisha Soli za Raba, mradi ambao leo, kwa furaha isiyo na kifani, nazungumzia uzinduzi wake.

(Kivuva, amesimama nyuma, kofia mkononi: "Mheshimiwa, naomba kuuliza. Zilisuuzwa?")

Maswali yatachukuliwa mwishoni.

("Zilichukuliwa saa sita zikiwa na dawa. Dawa ile ni ya saa nne, Mheshimiwa, si ya mwaka mzima! Isiposuuzwa soli hurudi njano kuliko kwanza.")

Mmesikia wenyewe. Fundi kwa kinywa chake anashuhudia kwamba yeye alizitibu kwa saa nne tu, ilhali ofisi yangu imezitibu kwa mwaka mzima. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kibanda na serikali. (Mama Mbinya: "Aiee!")

Naja katika takwimu. Utafiti tulioufanya kwa kutumia wataalamu ambao majina yao yatatangazwa watakapopatikana umethibitisha kwamba asilimia tisini na mbili ya soli zilizo njano leo zilikuwa nyeupe zamani. Umethibitisha pia kwamba asilimia sitini ya raba huvaliwa kwa miguu miwili. Kuhusu zile zilizobaki, uchunguzi unaendelea. Vilevile tulikumbana na tatizo zito la kisheria ambalo fundi wetu, kwa haraka yake, hakulifikiria: je, jua linaloangukia paa la mtu binafsi ni mali ya mtu huyo, au ni la umma? Nimeandika barua juu kuomba kibali cha kutumia jua, na nasubiri jibu.

(Mwalimu Mutindi anasimama. "Mheshimiwa, samahani. Tamasha la muziki ni kesho. Lori linaondoka alfajiri. Mwaka jana watoto waliimba peku, wakapita kwa sauti na wakaangushwa kwa mavazi. Mwaka huu wamefika tena, na wengi hawana viatu vingine. Asubuhi yote ilikuwa mawingu, na sasa jua limetoka. Tunaomba viatu vyetu sasa hivi na ruhusa ya paa mpaka saa kumi. Hatuombi kitu kingine.")

Mwalimu, nakupongeza kwa Kiswahili chako sanifu. Keti. (Hakuna kiti.) Ombi lako limepokelewa na litajadiliwa na kamati ndogo, ambayo itaundwa na kamati kubwa, ambayo mimi ni mwenyekiti wake na, kwa sasa, mwanachama wake pekee. Mambo ya weupe hayataki pupa.

Wapo wenye mashaka wanaosema kwamba mradi huu ni maneno matupu. Kwao sina hasira. Kwao nina mguu. (Anainua mguu wa kulia juu ya meza.) Tazameni raba hii! Ni ya mwaka 1979. Tazameni soli yake: nyeupe kama jino la mtoto! Haya ndiyo matunda ya mradi, na ili asiwepo wa kusema kwamba ameambiwa tu, navua zote mbili zipite mikononi mwenu, mzione, mzishike, mzirudishe mbele kwa nidhamu. Ni namba saba, maana mimi si mtu wa kujikuza kwa miguu.

(Anabaki na soksi. Raba zinapita kutoka mkono hadi mkono. Kivuva anazigeuza. "Hizi nilizisafisha mimi Jumapili iliyopita, juu ya paa la jikoni kwako! Ulisema nisimwambie mtu!" Kicheko kikubwa.)

Fundi alishirikishwa kama mshauri, na paa la jikoni kwangu si paa kwa maana ya amri, kwa kuwa halionekani kutoka barabarani. Tuendelee.

Ili mlinganishe hali ya kabla na hali ya baada, namwomba karani wangu, Bwana Yakub, mwenye funguo, afungue stoo na kutuletea jozi moja ya sampuli. Moja tu, Yakub. (Yakub anainuka, anafungua stoo iliyo kando ya ofisi, anawasha kiberiti kutazama ndani. "Mheshimiwa, jozi moja siwezi kuichagua. Zimefungwa kamba kwa pamoja." Mama Mbinya: "Mwanangu, wewe shika mlango. Kamba ni kazi yetu.")

Naona kina mama wamepanga foleni kutoka mlango wa stoo hadi barabarani, kila mmoja akimpokeza mwenzake, kama siku ile walipopitisha mawe ya bwawa. Huu ndio mwamko ninaousema kila siku! Wananchi wana kiu ya maonyesho! (Raba zinatoka. Soli zake ni njano kama mahindi ya msaada ya mwaka jana. Minong'ono. Mwalimu Mutindi anahesabu kwa sauti. Kivuva anapinda kila soli kwa kidole gumba na kusema, "Hii itapona. Hii itapona. Hii pia." Kisha anaweka kando jozi moja iliyopasuka kuanzia kisiginoni hadi kidoleni. "Hii imekufa. Ni ya nani?" Mwalimu: "Ya Mutunga, wa sauti ya nne. Namba saba.")

Natangaza sasa awamu saba za mradi, na naomba utulivu, hasa kutoka kwa wale wenye mabeseni. Awamu ya kwanza ni ya maandalizi ya awamu ya pili. Awamu ya pili itatathmini kama ya kwanza ilikuwa ya lazima. Katika awamu ya tatu, ambayo nimejipa jukumu la kuiongoza binafsi licha ya kazi zangu nyingi, ujumbe wa watu sita utazuru nchi zenye theluji ili ujionee weupe katika mazingira yake ya asili. (Ng'ambo ya barabara: sauti ya brashi. Mtu anaita, "Magadi zaidi! Kavata, lete magadi!") Awamu ya nne ni mapumziko. Awamu ya tano itajenga paa la kisasa, la ghorofa mbili, lenye ofisi ya msimamizi wa kivuli na ofisi ya msimamizi wa jua. Awamu ya sita itategemea hali ya hewa. Na katika awamu ya saba, fundi Kivuva atapewa nafasi ya kuomba kazi, mradi awe na cheti.

(Kivuva, kutoka juu ya ngazi, mikono imejaa uji mweupe: "Saa ngapi?" Umati, kwa pamoja: "Saa sita na robo!" Kivuva: "Saa zilizobaki zinatosha. Zigeuzeni nusu saa kwa nusu saa, na zikipata saa nne tunasuuza zote, hata moja isisahaulike!")

Nashukuru kwa kunikumbusha saa. Nakaribia katikati ya utangulizi wangu. (Viti vya waheshimiwa wasiofika vinabebwa kuvuka barabara ili watu wafikie paa. Bwana Makamu anafunga mwavuli na kuufuata mkutano.) Naona mnabadilisha mpangilio wa ukumbi, jambo zuri, ila mngesubiri idhini. Naona pia kwamba paa lile, kinyume cha amri ya kwanza, linaanza kujaa. Na kwa kuwa mimi ni kiongozi msikivu, nalitangaza kuanzia sasa kuwa banda rasmi la maonyesho, ili kinachotendeka kiwe kinatendeka kwa amri yangu. Nimehesabu kutoka hapa nilipo. Soli ni sabini na sita. Hakuna hata moja iliyopotea mikononi mwa ofisi yangu! Nani atathubutu kusema kwamba hatutunzi mali ya watoto? Na jozi ile ya mwisho pembeni, oneni wenyewe, imekwisha kuwa nyeupe kabla hata ya kukaa dakika kumi! Huo ndio mradi! (Kicheko kinachoanzia juu ya ngazi na kushuka hadi barabarani. Mwalimu Mutindi anajifuta macho kwa ncha ya leso.)

Sasa itikieni kauli mbiu. Soli nyeupe! (Kimya.) Tarafa safi! (Mbuzi mmoja.) Paa letu! (Ng'ambo ya barabara: "Letu!")

Asanteni. Shukrani zangu za dhati ziwaendee wafadhili wa mradi, ambao tutawaandikia barua ya kwanza mara tu tutakapojua anwani zao. Mhandisi, ambaye nafasi yake itatangazwa. Wajumbe wa kamati, ambao hawajateuliwa lakini wamefanya kazi kwa moyo. Mtambo wa kung'arishia, ambao umesafiri salama katika mawazo yetu bila kuharibika. Na mwenye kiwanja ambacho jengo lingesimama, ambaye amekubali kuendelea kulima mbaazi zake kana kwamba sisi hatujawahi kufika, naye ana haki, kwa kuwa hatujawahi kufika. Bila hawa wote mradi huu ungebaki jinsi ulivyo.

Kuhusu amri ya mapaa, kuhusu mabaki ya jozi iliyopasuka, na kuhusu jua, nawaahidi kwamba punde uamuzi utakapofikiwa nitawaandikia barua. Kwa sasa nataka kuondoka, na changarawe ya hapa ni ya moto, nami nimevaa soksi. Kwa hiyo naomba aliyeshika raba zangu azilete mbele.

(Yakub, pekee aliyebaki barazani: "Mheshimiwa, ziko juu ya paa. Mutunga atazirudisha wakitoka tamashani.")

Juu ya paa? Nani alitoa idhini?

("Andika barua, Mheshimiwa. Nitaifungulia faili.")