Mshale wa Jenerali Zavyalov

Inatangazwa kwa furaha isiyo na kifani kwamba mwaka 1948, Idara Namba Kumi na Saba, kwenye ukingo wa mto Volga, ilibuni ndege ya mabomu ya injini za jeti yenye mbawa zilizoinamia mbele. Ndege hiyo ilikamilika kwa kila hali, ila haikujengwa.

Faina Yegorovna, mkuu wa chumba cha wachoraji, alikuwa na hofu, si furaha. Michoro isiposainiwa kufikia Ijumaa, wanawake wake thelathini na mmoja wangepelekwa kuchimba mboji ya kuwashia moto kwenye vinamasi. Rimma, mwenye kifua kibovu, asingeimaliza baridi ya huko, na Faina alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja.

Kusaini nako kulikuwa na adabu zake. Kila mjumbe wa tume ya kukagua michoro alipaswa kuona dosari moja. Asiyeona dosari hakusoma, au, tuepushwe na balaa, alisoma akamficha adui. Kwa hiyo Faina alichomeka dosari ndogo tisa kwa ajili ya wajumbe tisa: bawaba iliyopinduliwa, ngazi iliyokosa kidato, choo kinachofungukia kwenye kiti cha rubani. Wajumbe walizidonoa kama kuku mtama. Bahati mbaya profesa mmoja, mlafi wa sifa, alidonoa mbili, na mwenyekiti, Jenerali Kapiton Zavyalov, alichelewa kwa sababu ya supu ya kabichi. Alipofika hapakubaki hata punje.

Alizunguka meza mara tatu, kisha uso ukamchangamka.

"Mbawa hizi zimegeuzwa!"

"Ndivyo zilivyobuniwa, Ndugu Jenerali," alisema Brosch, mhandisi Mjerumani aliyeletwa baada ya vita pamoja na michoro yake.

"Kunguru gani huyo anayeruka hivi? Zielekee nyuma!"

"Hiyo ni kazi ya miaka miwili."

"Una hadi kesho. Na usinipotezee muda, mwenzio bado sijanywa chai."

Jenerali alipotoka, Faina alimgeukia Brosch. "Hebu niambie, Bwana Brosch. Anataka mbawa zielekee nyuma, au anataka ndege ipae?"

"Kupaa hajakutaja."

Faina akaitisha raba. Kila karatasi ilikuwa na mshale mdogo wa kuonyesha upande wa mbele. Wanawake waliufuta, wakauchora upya ukitazama upande wa pili. Mkia ukawa pua, pua ikawa mkia, na mbawa, bila kuguswa, zikaelekea nyuma kama za ndege yoyote yenye heshima. Rubani alibaki palepale, ila sasa alitazama alikotoka.

"Faina Yegorovna, hii itaruka kinyumenyume!" alisema Rimma.

"Wacha iruke. Karatasi haina upepo."

Ijumaa Jenerali alisaini akitabasamu. Kwa kuwa hakupenda sifa zake zipotee, aliandika kwa mkono wake kwenye kila karatasi, zote elfu nne na mia moja: "Mwelekeo umerekebishwa kwa amri yangu binafsi."

Baada ya wiki tatu Moscow iliuliza kwa upole kwa nini rubani ameelekeza kisogo anakokwenda. Jenerali alivamia chumba cha wachoraji.

"Hujuma! Faina Yegorovna, nitakuzika kwenye mboji!"

"Mwandiko huu wa nani, Ndugu Jenerali?" Faina akamfunulia karatasi ya kwanza. Halafu ya pili. Alipofika ya kumi, mtu mzima alikuwa ameketi.

Moscow haikumfunga. Ilimvua cheo tu, na kuagiza kwamba aliyerekebisha arekebishe tena, kwa mkono wake, karatasi moja moja, chini ya Faina Yegorovna. Chumba kisivunjwe, wala mtu asipelekwe kwenye mboji, hadi amalize.

Akapewa stuli karibu na Rimma, jiko likiwaka moto. Wanawake walimtunza kama yai. Chai haikukauka kwenye bilauri yake, na kila alipoharakisha, mmoja alimsimulia ugonjwa wa shangazi yake. Mwezi wa kwanza alimaliza karatasi tisa, raba ikaisha.

"Naomba raba nyingine," alisema.

"Ombi lako liko mezani, Ndugu Zavyalov," Faina alimjibu. "Linangoja saini ya jenerali, na hapa kwetu jenerali hatuna."