Nukta ya Kijani Inanivunjia Nyumba

Kwa Meneja wa Usafirishaji.

Ndugu Meneja,

Pole na kazi. Mimi ni mke wa dereva wa lori lenu la saruji, yule mnayemwita Breki. Mwezi uliopita mlifunga vifaa vya kufuatilia magari, na karani wenu, kwa kuchoshwa na simu zangu, akanifundisha kulitazama lori kwenye simu. Tangu siku hiyo mume wangu amekuwa nukta ya kijani. Nashukuru sana, ila yamenifika hapa:

1. Sipati tena nafasi ya kumkumbuka. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa namkumbuka vizuri kabisa, mpaka machozi. Sasa nitamkumbukaje mtu ninayemwona anakata kona?

2. Nukta ikisimama, na sisi tunasimama. Jumanne ilisimama dakika hamsini. Mama mkwe akaangua kilio, majirani wakajaa, shemeji akakimbia kukodi viti na turubai. Kumbe marehemu yuko kwenye foleni ya mizani, anatafuna karanga. Viti tulivirudisha, lakini majirani waligoma kuondoka kabla ya kula.

3. Hili ndilo linaloniuma. Breki alikuwa akirudi na hadithi: daraja limekatika, mto umefurika, lori kalisukuma peke yake. Tulikuwa tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Safari hii alipoanza tu ya mto, nikamwambia kwamba pale alikuwa anakwenda kilomita themanini kwa saa. Akaiacha hadithi hapo hapo, akala, akalala. Siku hizi nikimuuliza habari za njiani ananijibu "salama" tu. Namtaka mume wangu mwongo, Ndugu Meneja.

Kwa hiyo naomba kompyuta yenu ifundishwe kudanganya kidogo. Barabara ikiwa kavu, iandike mafuriko. Ikishindwa, iweke hata ng'ombe mia mbili katikati ya njia. Ikishindwa kabisa, zimeni mitambo yote, na wateja wa saruji wakae wasubiri kama nilivyosubiri mimi.

Nisalimie karani, mafundi wa gereji, na mlinzi wa getini aliyenipa kiti nilipokuja kulalamika mara ya kwanza.

Ni mimi, mwenye mume barabarani,
Mke wa Breki

N.B. Nukta imeingia barabara ya sokoni. Zimebaki kilomita mbili na nusu. Nimeshaoga, nimejipaka manukato, nimesimama mlangoni na simu mkononi. Atakayethubutu kuizima sasa hivi atanitambua.