Nyuklia Itamrudisha Wegesa

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu Wegesa bado yuko kwao Busawe. Mwezi wa tatu huu. Kosa langu? Nilimtoa ng'ombe wetu wa maziwa, nikachukua friji. Friji nzuri, nyeupe! Ila nguzo za umeme zimeishia dukani kwa Odoyo, upande ule wa kilima. Kwa sasa tunaweka mahindi humo. Yaani naweka. Niko peke yangu.

Jioni redio imenipa jibu. Dunia imerudi kwenye nyuklia! Wachina wanajenga vinu vingi kuliko nchi yoyote. Wajapani walivizima vyao baada ya ajali, sasa wanaviwasha kimoja kimoja. Wajerumani wamefunga vyote, shauri yao. Nchi zaidi ya ishirini zimeahidi kufikisha umeme huo mara tatu ifikapo 2050. Tena wanabuni vinu vidogo, vitengenezwe kiwandani na kuletwa tayari. Vidogo! Kilima changu hapa Nyanungu kinatosha kabisa. Kikija kinu, umeme umekuja. Ukija umeme, friji itanguruma. Ikinguruma, Wegesa ataisikia hadi Busawe.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemweleza Odoyo. Kosa! Alicheka mpaka akaegemea magunia ya sukari. Akasema Kenya wanafikiria kujenga chao huko Siaya, kando ya ziwa, kwa binamu zake. Eti "sisi" tuko mbele. Sisi! Mtu kazaliwa Sirari, upande huu wa mpaka, anapiga kura hapa hapa Tanzania. Hata hivyo iliniuma. Wakenya watutangulie tena?

Nikauliza kinu kinachukua muda gani. Miaka kumi, akasema, pengine zaidi. Nikamwambia Wachina wanamaliza kwa sita. Akajibu kwamba kilima changu hakiko China. Kisha akaitaka friji yangu kwa ng'ombe wake, mtamba mwekundu mwenye mimba. Nimekataa. Anaona kinachokuja, anataka kuniwahi.

Nimekunywa chai ya rangi. Chai ya Wegesa ilikuwa maziwa, maji kidogo tu ya kuisindikiza.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane

Nimetoka ukweni. Aibu!

Nilimpa baba mkwe shikamoo yake, akaitikia, akauliza nimeleta nini. Nikasema habari. Akachungulia nyuma yangu, kama kuna kitu chenye kwato kinafuata. Nikamweleza nyuklia. Akauliza kama si lile bomu lililounguza miji ya Wajapani. Nikasema hapana baba, hii ni kuchemsha maji tu. Urani inatoa joto, maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha mtambo, umeme huo! Hakuelewa. Jikoni kulikuwa na sufuria inachemka. Nikaingia nimwonyeshe.

Nikaingia! Jiko la mama mkwe! Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapishani hata mlangoni, watoto wote wanajua. Mimi nimeshika kifuniko cha sufuria yake, napaza sauti kwamba tazameni mvuke, na yeye mwenyewe kachuchumaa pale pale. Akapiga yowe, akajifunika kanga usoni, akakimbilia nje kwa mlango wa mbuzi. Wazee wakaitwa. Faini yangu mbuzi mmoja, wa kuiondoa aibu. Nilijitetea kwamba mvuke ulionekana vizuri sana. Haikusaidia.

Wegesa alikuwa amesimama uani, mgongo kwangu. Mabega yanatikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia. Nilitamani kuyashika.

Jumapili, 10 Agosti

Wegesa amepiga simu! Amesema hataki umeme wala Wachina. Anataka kusikia maziwa yakigonga kibuyu asubuhi. Amesema amekikumbuka kilima. Amekumbuka hata kikohozi changu. Nikienda na ng'ombe, anarudi siku hiyo hiyo. Nimelia, paji la uso kwenye mlango wa friji.

Jumatatu, 11 Agosti

Odoyo kachukua friji. Mtamba yuko uani, anakula majani ya migomba. Pale ilipokuwa friji pamebaki peupe. Basi. Namtaka mke wangu. Nimempigia kumwambia: kesho alfajiri, Busawe.

Jumanne, 12 Agosti

Nilimswaga mtamba vizuri mpaka mnadani. Nikasimama kunywa chai tu! Redio ya muuza chai ikasema umeme wa nyuklia duniani unatarajiwa kuvunja rekodi. Rekodi! Na kando yangu bwana mmoja anayehama anauza friza. Si friji. Friza! Ile ya kulala, inayomeza ng'ombe mzima. Nami nilikuwa na ng'ombe mzima.

Imefika salama kwa mkokoteni. Nimeiweka palepale peupe, imepazidi. Upande wa kushoto nimemwachia Wegesa, wa maziwa.

Amepiga simu jioni. Amesema ameshaaga kwao, amesimama barabarani tangu asubuhi na kibuyu chake, akiona vumbi anadhani ni mimi. Akauliza niko wapi. Sauti yake! Nikamjibu niko njiani.

Si uongo. China wanajenga, Japani wanawasha, hata Siaya wanapanga. Avumilie kidogo tu. Miaka kumi. Sita, tukiwapata Wachina.